Kabla Simu Haijalia

Muuguzi alinipigia saa nane na robo mchana nikiwa kwenye matatu, Jogoo Road, Nairobi, tumekwama karibu na Hamza. Akaniita kwa jina, akanyamaza kidogo, na katika ule ukimya nikawa nimeshajua. "Pole sana mama, damu haijaonyesha mimba." Nikamjibu, "Sawa dada, asante," kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa sababu kondakta alikuwa amenyoosha mkono akidai nauli na jirani yangu ananisikiliza. Nikatoa noti ya mia mbili, nikashuka Buruburu bila kungoja chenji.

Hiyo ilikuwa raundi ya kwanza ya IVF, ile tiba ambayo yai hutungishwa nje ya mwili, kisha kiinitete, yaani mimba changa kabisa, huwekwa tumboni. Tangu hapo nimepitia mbili nyingine na bado sijapakata mtoto. Nalisema mapema ili dada anayetafuta hadithi iliyoishia kwa furaha ajue kwamba hapa hataipata leo. Ninachoweza kumpa ni hiki: jibu lenyewe huna uwezo nalo, lakini mengi yanayolizunguka unaweza kuyapanga mapema, akili ikiwa bado imetulia. Mimi sikupanga chochote, ndiyo maana likanikuta kwenye matatu.

Nianze na kile kijiti cha kupima mkojo kinachouzwa kila kemisti. Katika raundi ile ya kwanza, siku ya tatu tu baada ya kuwekewa kiinitete, niliamka saa kumi alfajiri nikajifungia bafuni. Nikakiweka kijiti ukingoni mwa sinki, nikakimulika kwa tochi ya simu, nikakigeuzageuza mpaka nikauona mstari wa pili, mwembamba, wa waridi. Nikamwamsha mume wangu. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akakishika kwa vidole viwili, hakusema neno, machozi yakamtoka. Baada ya siku mbili mstari ukafifia. Siku iliyofuata haukuwepo. Nikaamini nimeua mtoto wangu kwa kubeba mtungi wa maji.

Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba ile sindano ya mwisho ya kukomaza mayai, inayodungwa takriban saa 36 kabla ya kuyatoa, mara nyingi huwa ni homoni ya hCG, ileile ambayo kijiti huitafuta. Inaweza kubaki mwilini siku 10, hata 14. Kijiti kilikuwa kimeipata dawa, na mtungi wa maji haukuhusika hata kidogo. Kama ulidungwa sindano hiyo, muulize daktari wako ni ya aina gani na itachukua muda gani kuisha, kisha kaa mbali na vijiti mpaka siku uliyopangiwa kutolewa damu. Kwangu imekuwa kati ya siku ya 10 na ya 12 baada ya kuwekewa. Namjua mwenzangu mmoja aliyepima mapema, akaona mstari mmoja, akaacha dawa za projesteroni, homoni ya kutegemeza mimba, kwa hasira. Usifanye hivyo hata ukiona damu. Dawa huachwa kliniki ikisema ziachwe.

Na tukizungumzia projesteroni, ndiyo hiyo itakayokuumiza matiti, ikujaze tumbo na kukulaza usingizi saa moja jioni. Dalili nyingi za mimba inaweza kuzileta bila mimba, na dalili nyingi za hedhi pia. Nilipolielewa hilo niliacha kujibonyeza matiti chooni kazini. Vilevile niliacha kulala kitandani wiki nzima. Daktari aliniambia wazi kwamba kulala hakumfanyi mtoto ashike, na kwamba kutembea polepole mtaani hakumwangushi. Moyo wa nanasi nimekula kilo kwa kilo, haukuleta kitu. Kuna mambo lakini ambayo si ya kungojea: tumbo likivimba haraka na pumzi zikawa fupi, au ukipata maumivu makali ya upande mmoja, au ya bega pamoja na kizunguzungu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Raundi ya pili jibu lilikuwa gumu kuliko "hapana". Kipimo cha ile hCG kwenye damu kilitoka 41. Nikafurahi, kwa sababu juu ya 25 kwa kawaida huhesabiwa kuwa mimba. Lakini wanaojua huangalia kama namba inapanda. Katika wiki za mwanzo huwa inakaribia kuongezeka maradufu kila baada ya siku mbili au tatu. Kwa hiyo ukitolewa damu Jumatatu utarudi Jumatano, na zile saa 48 ndizo zilizonizeesha. Nilikuwa nimeshamwambia mama, mama akamwambia shangazi, na shangazi akaomba kanisani. Jumatano ikatoka 19. Ikabidi nianze kuwapigia mmoja mmoja kuirudisha habari niliyoisambaza, na kila mmoja nikawa mimi ndiye ninayembembeleza.

Waswahili husema mficha uchi hazai, na shangazi alinirushia methali hiyo kila nilipojaribu kunyamaza. Imenichukua miaka kuielewa vizuri. Ninayepaswa kumfunulia ni anayeweza kunisaidia. Ukumbi mzima hauhusiki. Sasa wanajua watu watatu: mume wangu, dada yangu mkubwa, na mwanachama mmoja wa chama chetu cha akina mama. Huyo wa chama nilimpata kwa bahati. Kwenye chama kila mtu huitwa Mama Fulani, mimi peke yangu naitwa kwa jina la ubatizo, na siku moja aliketi karibu nami tukiosha vyombo akaninong'oneza kwamba mwanawe wa pekee alimpata baada ya miaka minane. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hupitia ugumba wakati fulani maishani. Chama chetu tuko kumi na wawili. Nilikuwa nimeketi na mwenzangu miaka yote hiyo bila kumjua.

Jumapili ya pili ya Mei, akina mama wanapoombwa kusimama kanisani wapewe ua, siendi. Mungu ananijua nikiwa nyumbani.

Kwa mume wako nina neno moja: apimwe mwanzoni, si mwishoni. Mimi nilitiwa vifaa na kupigwa picha mwaka mzima kabla ya mtu yeyote kuuliza kuhusu mbegu zake, ilhali karibu nusu ya matatizo ya kupata mtoto yana mkono wa upande wa mwanamume. Wangu alipopimwa alinyamaza siku mbili. Baadaye ndiye aliyejifunza kunidunga sindano za tumbo, akishika barafu pale pa kudunga na kuhesabu mpaka tano.

Pesa sasa. Hapa ndipo nilipokosea zaidi, na ndipo ninapotamani mtu angenikalisha chini. Raundi ya pili tuliiamua siku nne baada ya ile simu ya Jogoo Road. Tulikuwa na msiba ambao hauna maiti, na tukadhani tiba yake ni kukimbia mbele. Nikachukua mkopo wa sacco, tukauza gari, na bima haikulipa hata shilingi. Bei tuliyotajiwa ilikuwa zaidi ya laki nne, kumbe sindano zilikuwa kando, kugandisha viinitete kando, ada ya kuvihifadhi kila mwaka kando, na kuwekewa kilichogandishwa nako kuna bei yake. Omba uandikiwe kila kitu kabla hujasaini. Halafu kaeni wawili, siku ambayo hakuna anayelia, mkubaliane mtafika raundi ngapi na mtauza nini, na nini hakitauzwa. Sisi shamba la mkwe wangu tuliliandika upande wa visivyouzwa, na mara mbili karatasi hiyo imetuzuia.

Likizo pia ipange. Sheria ya Ajira ya 2007 inanipa siku 21 za kazi kwa mwaka, na mwaka ule zote ziliishia kliniki, siku moja moja, huku bosi akidhani nina biashara ya pembeni. Sasa naweka akiba ya siku tatu kwa ajili ya majibu.

Raundi ya tatu tulijaribu njia nyingine. Tuliwaambia kliniki wampigie mume wangu, baada ya saa sita tu, na tukaenda msitu wa Karura asubuhi. Simu yangu niliizima nikamwachia dada. Tulipita kwenye mianzi, tukaketi, kima wakawa wanashindania ganda la ndizi. Simu ikalia saa saba kasorobo. Akasikiliza, akasema asante, akaiweka mfukoni, akanishika mkono kabla hajaniambia. Lilikuwa "hapana" lilelile. Nililia mpaka kitambaa kikalowa, lakini nililia nikiwa nimeshikwa, na hakuna aliyekuwa akinidai nauli.

Tuna viinitete viwili vilivyogandishwa. Mwezi ujao nitawekewa kimoja, na karatasi imeshabandikwa kwenye mlango wa friji. Anayepokea simu ni mume wangu. Mahali ni Karura. Wa kuambiwa ni wale watatu, na ikiwa ni "ndiyo" wasubiri mpaka damu ya pili. Ikiwa ni "hapana", hakuna kuzungumzia pesa wala daktari mwingine mpaka arobaini ipite, kama ilivyo kwa msiba wowote. Mstari wa mwisho ameuandika mume wangu kwa mkono wake: siku hiyo chakula cha mchana ni nyama choma Kenyatta Market, majibu yawe yoyote.