Hisa za senti tatu za kuchaji simu bila waya: tuweke pesa ya chama?

SWALI: Sisi ni chama kidogo hapa Umoja. Mwanachama mmoja ametuletea kampuni ya Marekani inasema ina mashine ya kuchaji simu bila waya hata ukiwa mita tano. Hisa ni senti tatu za dola, iko soko la OTC (nje ya yale masoko makubwa ya hisa), na karibu kila wiki wanatoa taarifa, juzi wamesema wanangoja idhini ya FCC, wale wasimamizi wa mawasiliano Marekani. Tunafikiria kuweka shilingi 80,000. Tutajuaje kama ni kitu ya ukweli? (Mhazini)

JIBU: Dada mhazini, afadhali umeuliza kabla pesa haijatoka.

Nianze na bei juu hapo ndio wengi huchanganyikiwa. Senti tatu si rahisi wala ghali, ni namba tu. Safaricom ikiuzwa kwa umma 2008 hisa ilikuwa shilingi 5, lakini hisa zenyewe ni kama bilioni 40, so kampuni nzima ilikuwa ya shilingi bilioni 200. Kwa hivyo uliza kwanza hisa za hii kampuni yenu ziko ngapi, halafu uliza zilikuwa ngapi mwaka jana, na hilo la pili ndilo lenye makali.

Jibu liko bure. Ingia EDGAR, ile hifadhi ya mtandaoni ya SEC, msimamizi wa masoko ya hisa Marekani, andika jina la kampuni, fungua ripoti ya robo mwaka inaitwa 10-Q. Ukurasa wa kwanza, chini kabisa, kuna idadi ya hisa zilizo mikononi mwa watu na tarehe yake. Fungua nne mfululizo na uandike hizo namba kwa karatasi. Kama zilikuwa milioni 300 na sasa ni bilioni 1.1, ujue aliyenunua mwaka jana sehemu yake imebaki kama robo hivi, na hakuna mtu amemwibia, yote yamefanywa kwa utaratibu na yameandikwa hapo. Na kama hakuna ripoti ya karibuni EDGAR wala kwenye tovuti ya OTC Markets, hapo funga laptop mwende mpike chai.

Hizo hisa hutoka wapi? Mara nyingi ni mkopo unaogeuzwa kuwa hisa. Utaukuta kwa maelezo ya nyuma ya hesabu, sehemu ya madeni, watu hawafiki huko. Mkopeshaji anatoa dola 100,000 na mkataba unasema anaweza kulipwa kwa hisa, kwa bei ya chini ya soko kwa asilimia 40, tuseme. Hisa ikiwa senti 3 anahesabiwa senti 1.8, anapata hisa kama milioni 5.6. Anaziuza sokoni, bei inashuka, na ikifika nusu senti, deni lilelile la 100,000 linahitaji hisa milioni 33. Yeye bei ikianguka haumii, anapewa hisa zaidi. Anayeumia ni nyinyi. Mkiona mikataba mitatu minne ya aina hiyo, basi biashara ya hiyo kampuni ni kuchapisha hisa, mashine ya kuchaji ni maua tu ya mezani.

Sasa hiyo mashine yenyewe. Kwa masafa ya 2.4 GHz, yale ya Wi-Fi, kanuni za Marekani kwa vifaa visivyo na leseni kwa kawaida zinaishia wati 4 ukihesabu na nguvu ya antena. Ukiwa mita tano, hizo wati zimetawanyika hadi kila mita mraba inapata kama miliwati 13. Simu yako haifiki hata sehemu moja kwa themanini ya mita mraba, so inayoigusa ni kama miliwati 0.13, na hapo hatujatoa zinazopotea ndani ya saketi. Ile chaja ndogo ya kawaida inatoa wati 5. Piga hesabu, ni tofauti ya zaidi ya mara 30,000. Kihisio kidogo cha ghalani kinaweza kuishi na hizo makombo, simu haiwezi. Wakisema wanatumia masafa mengine au wanaelekeza mwale, sawa, lakini waonyeshe ni wati ngapi zimepokelewa, kwa umbali gani, na nani amepima. Taarifa yenye maneno "mapinduzi makubwa" bila wati hata moja mimi huwa sisomi aya ya pili.

Na "kungoja idhini ya FCC" si habari, hata mimi naweza kungoja. Kifaa kilichopitishwa kina namba ya FCC ID, unaitafuta kwa hifadhi yao unaona ripoti za vipimo, mara nyingi hadi picha za ndani. Lakini hata ikipatikana, idhini inasema kifaa kimetimiza kanuni za mawimbi, haisemi kuna mteja. Energous, kampuni nyingine ya kuchaji bila waya, ambao walikuwa soko kubwa la Nasdaq kabisa, walipata idhini ya mtambo wao wa kuchaji hadi futi tatu Desemba 2017 na hisa ikaruka vibaya sana. Kufika 2023 ilikuwa imeshuka chini ya dola moja, wakaunganisha hisa 20 kuwa 1. Idhini ilikuwa ya ukweli, mauzo ndio hayakufika.

Huyo mwanachama alisikia wapi? Kama ni jarida au chaneli ya Telegramu, shuka hadi yale maandishi madogo ya chini. Sheria ya Marekani inataka anayelipwa kusifia hisa aseme amelipwa nini. Mara nyingi iko hapo, imeandikwa wazi.

Halafu kutoka. Angalia bei ya mnunuzi na ya muuzaji: wanunuzi wakiwa senti 2.8 na wauzaji 3.4, mkinunua leo na kuuza leo mmepoteza karibu asilimia 18, kabla ya ada ya broka na ya kubadilisha dola. Siku ya kukimbia hiyo nafasi hupanuka zaidi.

Kwa yale umenieleza, pesa ya chama singeiweka. Anayetaka sana aweke yake binafsi, na hizo 80,000 ziache kwa MMF (mfuko wa soko la fedha) mpaka mkutano ujao, huyo mwanachama akuje na zile 10-Q nne mkononi.