Toka adhuhuri, usingoje jioni

Ndugu, umeuliza utafurahiaje kutembea mjini wakati baridi imekufungia ndani. Toka adhuhuri, maana majira haya jua huchwa mapema. Vaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine. Ya ndani iwe ya sufu, kwani pamba ikilowa jasho hukupoza. Theluji ikiwa ndiyo kwanza imeanguka, usiikose! Hewa iliyonaswa kati ya chembe zake humeza sauti, na mtaa wenye kelele hutulia. Miti nayo, ikishapukutisha majani, hufichua viota vya ndege na nakshi za majengo ya zamani ambazo wakati wa joto huzioni. Mimi hupenda sana kupita karibu na wanaooka mikate, kwa ile harufu tu. Penye barafu, piga hatua fupi.