Maswali Yenu: Gundi ya tepu iliyogoma kutoka kwenye zulia la ofisi

SWALI: Ofisi yetu iko ghorofani, tumetandika zulia la kijivu la nyuzi fupi. Tulipofanya semina, mafundi wa vipaza sauti walibandika nyaya sakafuni kwa tepu ya silva, ikakaa wiki nzima. Tepu imetolewa, imebaki michirizi inayonata na sasa imekuwa myeusi. Dada wa usafi ameisugua kwa brashi na sabuni ya unga, wapi. Kuna anayetushauri tumwage thina. Tufanyeje?
Msomaji, Upanga

JIBU: Thina msiimwage. Weusi huo ni vumbi la viatu lililonaswa na gundi, na gundi ya tepu ya silva kwa kawaida ni ya mpira, kwa hiyo maji na sabuni haviiyeyushi. Ikitoka gundi, weusi unatoka nayo. Brashi nayo iwekeni kando, maana inachambua nyuzi zikaota manyoya, na hayo hayarudi.

Palipo na gundi nene, anzeni na barafu. Washeni kiyoyozi, tieni barafu kwenye mfuko wa plastiki, ulazeni juu ya mchirizi dakika 10 hadi 15. Gundi ikikakamaa, ibanjueni kwa ukingo wa kijiko na kufyonza makombo kwa mashine hapo hapo. Chukueni kama sentimita 20 kwa mara moja. Kwa joto la Dar, mkishika mchirizi mzima gundi italainika kabla hamjafika katikati.

Utando unaobaki ndio unaotaka tapentaini ya maduka ya rangi. Spiriti ya duka la dawa mnaweza kuijaribu kwanza, ila kwa gundi ya mpira mara nyingi inaishia kuilainisha tu. Jaribuni kwanza pembeni, nyuma ya kabati: bonyezeni kitambaa cheupe chenye tapentaini kwa dakika moja. Kikitoka na rangi ya zulia, acheni.

Tapentaini inalowesha kitambaa, kamwe haimwagwi kwenye zulia. Chini ya nyuzi kuna tabaka la mpira au lami linaloshika zulia zima. Dawa ikizama huko, tabaka linaachia na zulia linavimba. Kama ni lami, inayeyuka na kupanda juu na doa la kahawia ambalo ni baya kuliko la kwanza. Thina hufanya hayo haraka zaidi, na mvuke wake unashika moto upesi. Hata kwa tapentaini, zimeni kiyoyozi, fungueni madirisha, na pasiwe na moto wala sigara karibu.

Bonyezeni kitambaa dakika mbili au tatu, kisha baneni nyuzi kwa vidole juu ya kitambaa na kuzivuta kwenda juu, mkitoka ukingoni kuelekea katikati. Kitambaa kitatoka na ute wa kijivu. Geuzeni upande safi kila mara, la sivyo mnairudisha gundi mlikoitoa. Rudieni hadi kitambaa kitoke cheupe.

Mwisho ndiyo maji: nusu kijiko cha chai cha sabuni ya kuoshea vyombo katika nusu lita ya maji ya vuguvugu, futeni kwa kitambaa kilichokamuliwa, suuzeni kwa maji matupu mara mbili, kandamizeni taulo kavu, washeni feni. Suuzeni hata pale palipopigwa sabuni ya unga, kwa sababu mabaki ya sabuni hukusanya uchafu na doa huonekana limerudi.

Mafuta ya taa huacha mafuta na harufu. Pasi pia hapana: mazulia mengi ya ofisi ni ya polipropilini, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi.

Kama zulia lenu ni la vipande vya mraba na kimoja kimekataa kabisa, kibadilisheni na kilichofichwa chini ya kabati. Semina ijayo waambieni mafundi waje na tepu ya kitambaa isiyong'aa, ile ya jukwaani, na waibandue jioni ile ile.