Mzee akitoka nje, tazama kivuli kabla ya kutazama utabiri

Kila msimu wa joto unapoingia, wazee wa mitaa ya kale huambiwa jambo moja: kaeni ndani. Sikubaliani na ushauri huo ukitolewa hivihivi bila maelezo. Nyumba kongwe ya mawe au matofali mazito hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa usiku. Jua kali likifululiza siku kadhaa, humo ndani hugeuka fukuto, na uchochoro wenye kivuli nje ya mlango huwa na nafuu zaidi. Tena mzee asiyetoka miguu hulegea, majirani huzoea kutomwona, na siku akizidiwa hakuna wa kushtuka. Agosti 2003 Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000 kwa wimbi la joto. Wengi walikuwa wazee, na si wachache kati yao waliishi peke yao. Chicago ilikuwa imepitia msiba kama huo Julai 1995, walipofariki watu zaidi ya 700.

Namtunza mama yangu katika mtaa wa aina hiyo, na nimewasaidia majirani wa rika lake kupanga wakati na njia ya kutembea. Neno langu kubwa kwa yeyote mwenye mzee ni hili: panga matembezi yake kwa kufuata kivuli, usiyapange kwa namba ya utabiri wa hali ya hewa.

Namba ile hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku kinachopitisha hewa, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini. Inakueleza hewa ilivyo, basi. Haikuelezi jua linalompiga mtu utosini, wala ukuta unaomrudishia joto ubavuni. Wanaochunguza mambo haya hutazama vitu sita kwa pamoja: joto la hewa, mnururisho (yaani joto linalorushwa moja kwa moja na jua na kuta), unyevunyevu, upepo, mavazi, na kazi ambayo mwili unafanya. Mnururisho ndio unaosahaulika. Hewa ikiwa na nyuzi 32, aliyesimama juani kati ya kuta zilizopata moto anaweza kupokea joto kana kwamba amezungukwa na nyuso zenye nyuzi 60. Akivuka hadi upande wa pili wenye kivuli, mzigo huo unapungua sana, ingawa hewa ni ileile.

Kijana hulivumilia jua hilo kwa jasho na kwa moyo unaosukuma damu nyingi kwenye ngozi. Kwa mzee, tezi za jasho hutoa kidogo, damu haifiki kwenye ngozi kwa wingi uleule, na kiu huchelewa kujitokeza hata mwili unapohitaji maji. Hisia ya joto nayo hupungua. Kwa hiyo ukimuuliza, "Mama, unaona joto?" akajibu hapana, jibu lake ni la kweli kwake, ila halikutoshi wewe uliye pamoja naye. Mpe maji kabla hajaomba, isipokuwa kama daktari amempangia kiasi maalumu kwa sababu ya moyo au figo. Dawa nazo zina mchango wake: za kuongeza mkojo, baadhi ya dawa za presha, na zile zinazokausha mdomo huweza kuudhoofisha mwili katika kupambana na joto. Asiache hata moja kwa uamuzi wake. Zipeleke zote kwa daktari au mfamasia kabla msimu haujaanza, umuulize moja kwa moja habari ya joto.

Sasa njia. Toka naye saa ileile anayotoka kila siku, mtembee kwa mwendo wake, nawe uandike jua linapomkuta na mahali anapotaka kupumzika. Mtaa wa kale una zawadi ambayo mitaa mipya mingi haina: vichochoro vyembamba na kuta ndefu zinazozuia jua. Lakini vichochoro havifanani. Kinachokwenda kaskazini na kusini huwa na kivuli cha upande mmoja asubuhi, cha upande mwingine alasiri, na jua hukiingia vizuri adhuhuri tu. Kinachokwenda mashariki na magharibi huweza kukaa juani saa nyingi, kwa kuwa jua husafiri sambamba nacho. Ukuta unaotazama magharibi uogope alasiri na hata baada ya machweo, maana huwa umekusanya joto na bado unalitoa. Na wembamba uleule unaozuia jua mchana huzuia joto lisipande angani usiku, kwani sehemu ya anga inayoonekana kutoka chini ni ndogo. Jioni, kwa hiyo, uwanja ulio wazi wenye upepo unaweza kuwa bora kuliko uchochoro uliokuwa kimbilio saa nane mchana.

Nimeona mara nyingi njia ndefu yenye kivuli ikimchosha mzee kidogo kuliko njia fupi ya juani. Lakini urefu huo unavumilika tu kama pana pa kukaa, na kwangu benchi ni jambo zito kuliko mti. Mwongozo wa serikali ya Uingereza kuhusu njia za watembea kwa miguu unataka viti visizidi umbali wa mita 50 katika maeneo yanayopitiwa sana. Mitaa ya kale michache inafikia hapo. Benchi liwe na mgongo na sehemu za kuegemeza mikono, la sivyo mzee atakaa ashindwe kuinuka. Mbao ni bora. Chuma na jiwe lililong'arishwa vikipigwa na jua huunguza ngozi nyembamba ya uzeeni. Na kivuli kikague saa ambazo wazee hukaa hapo, kwani cha asubuhi huwa kimehama adhuhuri.

Mkitaka mamlaka ya mji ibadilishe kitu, ombeni vinavyowezekana. Miti hupoza kwa kivuli na kwa maji yanayotoka majanini, ila mtaani mwenye misingi ya zamani na mabomba chini ya mawe mara nyingi hairuhusiwi. Vitambaa vya kivuli vinavyotandazwa juu ya njia kutoka jengo hadi jengo, kama mji wa Seville nchini Hispania unavyofanya kila kiangazi, hufungwa na kufunguliwa bila kuharibu ukuta wa kihistoria. Rangi nyeupe iombwe kwa tahadhari. Juu ya paa inafaa. Karibu na watembeao, uso mweupe hurusha jua kuwaelekea wao: Los Angeles walipopaka baadhi ya barabara rangi inayoakisi jua, barabara ilipoa, lakini aliyesimama juu yake adhuhuri alipokea joto zaidi.

Baridi nayo isisahauliwe. Katika msimu wake mpango wote hugeuka: unatafuta ukuta wenye jua, na unakwepa pembe ambapo upepo hubanwa kati ya majengo, kwani hapo husukuma kwa nguvu ya kumyumbisha mwenye mkongojo.

Kuna siku ambazo hata kivuli hakitoshi, na hizo zitambue. Hewa ikishapita nyuzi 35 hivi, yaani joto la ngozi, upepo wenyewe huanza kuuongezea mwili joto, hasa kwa mtu asiyetoa jasho la kutosha. Siku hiyo atoke alfajiri tu, na mchana apelekwe chumba chenye ubaridi kuliko vyote mnavyoweza kufikia. Akipata kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya kichwa, mkalishe kivulini, mlowanishe shingo na mikono kwa maji, mpepee. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akizimia, huo ni wito wa gari la wagonjwa mara moja, huku mkiendelea kumpoza bila kumnywesha kitu.

Kwa mzee anayeishi peke yake, tangu 2004 Ufaransa imewataka mameya wawe na daftari la wazee wanaojiandikisha ili waulizwe hali siku za joto. Mtaani hamhitaji sheria kuanza. Sisi tuligawana nyumba, kila mmoja na mlango wake wa kubisha hodi, na tukachagua jioni, kwa sababu joto la mchana huwa limeshamlemea mtu na usiku wa kuta moto uko mbele yake. Anayebisha haulizi kwa sauti kutoka nje. Anaingia, anagusa mkono, anatazama kama maji ya asubuhi yamenyweka.