Kabla hujaagiza draivu mpya ya tepu

Mama wa hesabu alinipigia Jumanne saa tatu asubuhi. "Mwanangu, nimefuta folda ya ankara. Yote." Nikamjibu bila wasiwasi, "Usijali mama, iko kwenye tepu." Kila Ijumaa usiku, kwa miezi 6, skripti yangu ilikuwa inaandika bakapu kwenye kaseti ya LTO-5, aina ya tepu ya kuhifadhia data, na kuniletea ujumbe kwamba imemaliza salama.

Nikaingiza kaseti, nikapiga `tar -tvf /dev/st0`, tar ikiwa ndiyo programu inayofungasha mafaili kwenye tepu na hapa inaorodhesha yaliyomo. Yakatoka majina ya mafaili ya `/home`, basi. Ankara hazimo. Nikachukua kaseti ya wiki iliyotangulia, yale yale. Nikamwambia bosi kuwa draivu imekufa, na nikaanza kutafuta bei ya nyingine.

Draivu ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa herufi moja. Kwenye Linux draivu ile ile ina majina mawili: `/dev/st0` na `/dev/nst0`. Ukitumia la kwanza, tepu hurudishwa mwanzo kila programu inapomaliza kazi na kuifunga. La pili huiacha pale ilipofika. Skripti yangu ilikuwa na mistari mitatu ya tar, `/etc`, kisha `/srv/hesabu`, kisha `/home`, yote ikielekea `st0`. Kila mstari ulikuwa unaandika juu ya uliotangulia. Tar haikulalamika kwa sababu kwa upande wake kila kitu kilikwenda sawa. Na usidhani kilichobaki nyuma kinaokoleka: draivu huweka alama ya mwisho wa data pale ilipoishia kuandika, na kwa njia za kawaida haikuruhusu kuivuka. Nusu ya ankara tuliziokota kwenye viambatisho vya barua pepe. Nusu nyingine mama alizipiga upya kwa mkono, na nilimnunulia chai wiki nzima.

Kwa hiyo, bakapu ikikusumbua, anza na `mt -f /dev/nst0 status`, mt ni amri ya kuongoza draivu ya tepu. Kwenye Debian sakinisha kifurushi cha mt-st, maana hiyo mt ina amri nyingi zaidi. Soma ule mstari wa mwisho wa majibu. ONLINE ni kwamba kaseti imo na iko tayari. DR_OPEN, hakuna kaseti. WR_PROT, kile kitufe kidogo cha pembeni kimesukumwa upande wa kufunga. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima kwa kitufe hicho, sitaki kukisema zaidi. Ukiambiwa kifaa kina shughuli, `fuser -v /dev/nst0` itakutajia aliyekishika.

Tulipobadilisha seva nilikutana na hili, ambalo huwapoteza wengi:

`tar: /dev/nst0: Cannot read: Cannot allocate memory`

Nilipoona "memory" nikaenda kuhesabu RAM. RAM ilikuwa inatosha na kusaza. Ukweli ulikuwa kwenye `dmesg`, amri inayoonyesha ujumbe wa kernel:

`st0: Failed to read 262144 byte block with 10240 byte transfer`

Tepu iliandikwa kwa bloku, yaani mafungu ya data, za KB 256, na tar isipoelekezwa husoma kwa KB 10. Ni kama kumimina ndoo ndani ya kikombe. Niliongeza `-b 512`, maana tar huhesabu vipande vya baiti 512, na 512 mara 512 ni hizo 262144. Ikasoma. Tangu siku hiyo kila kaseti yangu ina karatasi iliyoandikwa ukubwa wa bloku, kwa kalamu, siyo kwenye seva ambayo siku moja itakuwa ndiyo iliyokufa.

Makosa ya "Input/output error" ndiyo yanayoweza kuwa ya chuma kweli. Hapo pia usikimbilie dukani. Weka kaseti nyingine: kosa likihama na kaseti, tatizo ni tepu, likibaki, angalia kebo, kisha draivu. Tafuta jina la sg la draivu, jina lake jingine kwenye Linux, kwa `lsscsi -g`, halafu piga `tapeinfo -f /dev/sg3`, au namba utakayoikuta. Ukiona TapeAlert 20, moja ya maonyo yanayotolewa na draivu yenyewe, inaomba kusafishwa sasa hivi. Tumia kaseti ya kusafishia na uhesabu matumizi yake, nyingi huisha nguvu baada ya mara 50 hivi. Lakini usisafishe kwa mazoea, subiri iombe.

Ukisikia tepu inakwenda mbele na kurudi nyuma bila kutulia, data inafika polepole kuliko draivu inavyotaka. LTO-5 humeza hadi MB 140 kwa sekunde. Pitisha tar kwenye mbuffer, programu ya kuhifadhi data kwa muda, ijikusanyie kwanza kabla ya kuandika.

Skripti ya sasa inatumia `nst0`, na ikimaliza inarudisha tepu mwanzo na kulinganisha yaliyomo na mafaili ya diski kwa `tar -d`. Mafaili machache hubadilika usiku na kuleta kelele, nimeshazizoea. Halafu kila Jumatatu mama wa hesabu ananitajia faili moja alilolichagua mwenyewe, bila kunidokezea mapema, nami nalitoa kwenye tepu mbele yake. Wiki iliyopita alitaka ankara ya Machi. Alinisimamia hadi ikafunguka, akakagua jumla yake, ndipo akaniachia niende.