Vijinzi na chungu kwenye makopo ya minyoo

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza utawatoaje vijinzi na chungu (sisimizi) kwenye makopo ya minyoo wa kulishia vifaranga vya samaki, na kama kupulizia dawa kidogo kuna madhara. Dawa usithubutu. Hapa Wete nilipuliza ya mbu chumbani, makopo nimeyafunika kanga, nikajiona mjanja. Asubuhi minyoo wamelala kama nyuzi na vifaranga vinaelea tumbo juu. Nyingi ya dawa hizo zina sumu iliyoigwa kutoka pareto, na samaki haiwezi hata kidogo. Chaki ya mende nayo ni hivyo hivyo.

Chungu ndio wepesi. Kila mguu wa meza usimamishe ndani ya kopo la maji, kama bibi zetu walivyofanya kwa kabati la vyakula. Tia tone la sabuni ili chungu azame asivuke juu juu, na mbu wasije wakazaliana humo. Halafu tazama ukutani. Wiki nzima nilijiuliza wanapita wapi, kumbe waya wa pampu ya hewa umegusa ukuta, wao wamepanga foleni juu yake kama abiria wa boti.

Kazi iko kwa vijinzi. Wale wa matunda hufuata harufu ya hamira na chakula kilichochacha, na kwa joto letu yai huwa kijinzi kwa siku kumi hivi. Chandarua haiwazuii, wanapenya. Mimi nimekata tundu kwenye kifuniko nikafunga kitambaa cha fulana kuukuu, mara mbili, kwa mpira.

Vile vyeusi vya miguu mirefu nilikuwa nikivileta mwenyewe na udongo wa shamba. Siku hizi minyoo wangu wa Grindal, wale weupe wadogo (weupe wakubwa wanataka baridi, kwetu hawafai), nawafuga kwenye usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Ila usumba uliozikwa pwani una chumvi: loweka, badilisha maji mara tatu nne, kisha uchemshe, upoe ndipo utie minyoo.

Chakula ni kosa la wengi wetu. Tia unga wa oti kiasi cha kwisha kesho yake, ufunike kwa kipande cha kioo. Ukikiinua utawakuta wamejikunja chini yake kama tambi. Suuza kioo kwenye kikombe, ulishe. Utitiri ukiingia, jaza kopo maji. Wenyewe unaelea, uchote, kisha umwage maji. Minyoo hubaki chini salama.

Weka na kopo la akiba chumba kingine. Hilo lako likishajaa mabuu usilihangaikie: okoa minyoo wa kwenye kioo, suuza vizuri, anza upya, kilichobaki wamwagie kuku. Wangu siku hizi wakiniona na kopo tu wananikimbilia.