Kabla ya kukopa haibridi, pima rejesho lako kwa lita

Ndugu uliyeuliza kama ni busara kuuza gari lako la petroli la cc 1500, ambalo unasema linakwenda kilomita 9 kwa lita, kisha ukope ununue haibridi (gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) inayosifiwa kufika kilomita 18, nakujibu kama mtu aliyefanya jambo hilohilo miaka mitano iliyopita na ambaye mkopo wake umekwisha. Gari lenyewe silijutii. Ninachojutia ni hesabu niliyoifanya kabla ya kulinunua, kwa kuwa nililinganisha kilomita kwa lita za magari mawili na sikulinganisha lita na rejesho la mwezi.

Gari langu la zamani lilikwenda kilomita 9.5 kwa lita, nami hutembea kama kilomita 950 kwa mwezi, hivyo nilikuwa nikichoma lita 100. Haibridi hunipa wastani wa kilomita 17.5, yaani lita 54 hivi, na kwa hiyo naokoa lita 46 kila mwezi. Lakini rejesho langu, nilipoligawanya kwa bei ya lita moja ya wakati ule, lilikuwa sawa na lita 150, na bima kubwa ambayo mkopeshaji aliishurutisha ilimeza nyingine 15. Kwa miaka minne nilitoa lita 165 kila mwezi ili niokoe lita 46. Wewe umesema unatembea kilomita 500 kwa mwezi: hata hizo kilomita 18 zikitimia, utashuka kutoka lita 56 hadi 28 tu. Ligeuze rejesho ulilotajiwa kuwa lita, uliweke kando ya hizo 28, kabla hujatia saini popote.

Kipimo cha kilomita kwa lita nacho hudanganya macho. Gari likipanda kutoka kilomita 8 hadi 10, watu huona ni hatua ndogo, ilhali katika kila kilomita 100 linaokoa lita 2.5; likipanda kutoka 16 hadi 20 huonekana limeruka sana, kumbe linaokoa lita 1.25. Maana yake ni kwamba faida kubwa iko kwenye gari linalokula vibaya, na lako ni mojawapo. Kilomita 9 kwa injini ya cc 1500 ni chache kiasi kwamba, isipokuwa kama muda wote uko kwenye foleni, mimi ningelipeleka kwanza kwa fundi. Themostati (kifaa kinachodhibiti joto la injini) iliyokwama ikiwa wazi huiacha injini ikifanya kazi bila kupata joto lake, na kompyuta ya gari huendelea kuimwagia petroli zaidi. Sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa injini, iliyochoka huleta hasara inayofanana na hiyo. Breki inayoshika bila kukanyagwa na matairi yenye upepo mdogo humalizia kilichobaki. Wengi hukimbilia kubadilisha chujio la hewa, lakini katika injini za kisasa chujio likiwa chafu hupunguza nguvu zaidi kuliko linavyoongeza ulaji wa mafuta.

Kuhusu mkopo, uliza swali moja na usikubali jibu la kuzungukazunguka: je, riba inakokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi siku ya mwisho, au juu ya salio linalobaki? Ukikopa 100 kwa miaka minne kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka juu ya mkopo wa mwanzo, utarudisha 140. Riba hiyohiyo ya 10 ikikokotolewa juu ya salio, utarudisha karibu 122. Kwa lugha nyingine, ile ya kwanza ni sawa na riba ya zaidi ya asilimia 17 juu ya salio, ingawa kwenye karatasi zote mbili zimeandikwa 10. Mimi nilichukua ile ya kwanza, na niligundua nilipotaka kulipa deni lote mapema.

Kama baada ya hayo bado unaitaka haibridi, itakufaa zaidi ikiwa safari zako ni za mjini. Gari la kilo 1,400 linaposimama kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hutupa kwenye breki nishati ambayo injini ya kawaida ilichoma kama mililita 16 za petroli kuizalisha. Ukisimama hivyo mara 60, umetupa karibu lita nzima. Haibridi hurudisha sehemu ya nishati hiyo kwenye betri kwa kuigeuza mota iwe jenereta. Kwenye barabara kuu hakuna cha kurudisha, kwa sababu adui ni upepo: ukitoka mwendo wa 90 hadi 120, ukinzani wa hewa huongezeka kwa asilimia 78 hivi, na gari la aina yoyote utalilipia.

Betri kubwa ndiyo inayoogopwa, nami niliwahi kutishika. Taa ya onyo iliwaka, na fundi wa kwanza akaniambia betri nzima imekufa. Fundi wa pili alifungua tundu la hewa kando ya kiti cha nyuma akakuta feni ya kupoza betri imezibwa na vumbi na nywele za mbwa (mbwa ni wangu, sikatai). Alisafisha, akafuta kosa kwenye kompyuta, na taa haijarudi hadi leo. Hata betri inapochoka kweli, mara nyingi huanza na moduli chache, yaani betri ndogo zinazounda ile kubwa: Toyota Prius, haibridi, ya kizazi cha pili, iliyotoka 2003, ina moduli 28 za volti 7.2 kila moja, na fundi mwenye vifaa anaweza kuzipima mojamoja. Kwa hiyo unaponunua haibridi iliyotumika, lipia kipimo hicho kabla ya kulipia gari.

Mwanajukwaa aliyekushauri uruke moja kwa moja hadi gari la umeme ana hoja, ila tu kama unalaza gari mahali unapoweza kulichaji usiku.

Na hizo kilomita 9 umezipataje? Kama umezisoma kwenye dashibodi, zipime upya. Yangu husema 19.2 wakati ukweli ni 17.5. Jaza tangi hadi pampu ikate yenyewe, andika kilomita, endesha kama kawaida, kisha jaza tena kwenye pampu ileile na ugawanye kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo kwa tangi tatu, ulete namba hizo hapa pamoja na masharti ya mkopo ulioahidiwa, nami nitakaa nawe tuzihesabu.